MV Liemba

MV Liemba ni meli ya abiria na mizigo ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Goetzen. Ilisafirishwa vipande vipande kupitia Dar es Salaam, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Kwa watu wa eneo la Ufipa, bandari yake mojawapo imekuwa Kasanga, iliyoitwa Bismarckburg enzi za Wajerumani.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili Waingereza na Wabelgiji wasiinyakue, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Uamuzi huo wa kupaka grisi, pamoja na maji baridi ya ziwa, yasiyokula chuma upesi kama maji ya bahari, ndio unaoeleza vizuri zaidi kwa nini ilipoibuliwa mwaka 1924 injini na boila zilifaa kutumika tena. Ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Yaweza kudaiwa kwamba meli hiyo haipo tena, kwa kuwa injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 na kuwekwa za dizeli. Hoja hiyo ina uzito kwa mitambo tu: chombo hutambuliwa kwa mkuku na mataruma yake, na Liemba bado ina bodi ileile ya Papenburg.