Injini Saidizi

Kiswahili kina baiskeli na kina pikipiki. Katikati yao kuna chombo ambacho bado hakijapata jina lililotulia: baiskeli ya kawaida, yenye pedali na mnyororo wake, iliyofungwa injini ndogo katikati ya fremu. Yupo anayeiita pikipiki ndogo, yupo anayeiita baiskeli ya mota, na wengine husema tu "ile ya injini". Sisi tunaoipanda tukiwa watu wazima, magoti yakiwa yameanza kulalamika, hatuwezi kulipuuza suala hili. Jina la chombo hueleza pia anayekipanda ni mtu wa namna gani.

Tutazame kwanza jinsi lugha yetu ilivyovipa majina vyombo vya jamii hii. Pikipiki ilipewa jina na masikio, kwa mlio wake. Bajaji ilichukua jina la kampuni iliyoiunda. Bodaboda ilipewa jina na kazi: kuvusha watu kutoka boda hadi boda, kati ya Kenya na Uganda, na walioianza kazi hiyo waliifanya kwa baiskeli. Baadaye injini zilikuja, baiskeli zikapungua, jina likabaki palepale. Mlio, mwenye kiwanda, kazi: njia zote tatu ni halali, lakini hakuna hata moja inayotaja miguu. Na katika chombo chetu miguu bado ina kazi.

Kazi hiyo ina kitenzi chake. Baiskeli hunyongwa. Gari huendeshwa, pikipiki huendeshwa, lakini mtu akisema "nimeinyonga mpaka mjini", kila msikilizaji anajua alikuwa juu ya baiskeli. Kamusi hutenga nyonga ya kitenzi, yenye maana ya kusokota au kukaba, na nyonga ya nomino, kile kiungo kinachounganisha paja na kiwiliwili. Sidai kwamba asili yao ni moja. Ila kwa mwenye umri wangu, mlima mmoja tu unatosha kuzikutanisha. Nyonga ikiuma, kunyonga kunakuwa kugumu, na hapo ndipo injini inapotafutwa.

Wengine walilifikia swali hili kabla yetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi wa Ulaya na Japani walikuwa na baiskeli lakini hawakuwa na fedha za kununua gari. Mwaka 1946, Soichiro Honda alianza kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizobaki jeshini, zilizokuwa za jenereta za redio. Mwaka huohuo Ufaransa ilianza kuuza VéloSolex, ambayo injini yake hukaa juu ya gurudumu la mbele na kulizungusha kwa kulisugua. Wajerumani walikiita chombo cha aina hii baiskeli yenye mota ya kusaidia. Wasweden, mwaka 1952, waliunganisha vipande vya maneno mota na pedali wakapata "moped", neno lililoenea duniani. Hatimaye viwanda viliondoa pedali, na neno likaendelea kuzitaja pedali zisizokuwepo.

Mimi navutwa na njia ya Wajerumani, kwa sababu Kiswahili tayari kina kivumishi chake, nacho kimelala katika vitabu vyetu vya sarufi: saidizi. Kila aliyepita darasani anakijua kitenzi kisaidizi. Katika "alikuwa anasoma", alikuwa ni kisaidizi, anasoma ni kitenzi kikuu. Ondoa kisaidizi, na "anasoma" bado ni sentensi; umepoteza wakati tu. Ondoa kitenzi kikuu, na msikilizaji anabaki akingoja. Katika baiskeli hii kitenzi kikuu ni miguu.

Namna ya kuiwasha inalithibitisha hilo. Hubana klachi kwa mkono wa kushoto, hunyonga mpaka chombo kichanganye mwendo, kisha huachia klachi. Gurudumu huvuta mnyororo wa kushoto, mnyororo huizungusha injini, nayo huwaka. Miguu ndiyo inayoiamsha. Mnyororo wa kulia, ule wa pedali, unabaki na kazi yake ya tangu zamani.

Ufundi wake nao una msamiati unaomfaa mtu mzima. Fundi mzuri hutofautisha kuukuu na chakavu. Fremu inaweza kuwa kuukuu, ya miaka mingi, chuma chake kikiwa bado kizima, hiyo huachwa. Raba za breki zilizolika, waya uliochomoka nyuzi, tairi lililopasuka ubavuni, hivyo ni vitu chakavu na havina msamaha. Mnyororo wa injini huvuta sproketi ambayo mara nyingi hubanwa kwenye spoki za gurudumu la nyuma, kwa hiyo spoki zikilegea, ringi hupinda na mnyororo huchomoka. Mtikisiko hufungua nati kidogo kidogo. Ndiyo maana neno la kila safari ni kukaza. Injini nyingi za aina hii ni za mapigo mawili na oili yake huchanganywa ndani ya petroli, mara nyingi sehemu 1 kwa 16 injini ikiwa mpya, kisha hupunguzwa ikishazoea. Ukiisahau oili, injini hunoki. Na kabla ya yote hayo ni breki, maana zile za baiskeli zilipimwa kwa mwendo wa miguu. Kazi yote hii hudai subira na macho ya kuangalia mara mbili, mali ambayo umri hauipunguzi.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Mitaani tuseme baiskeli ya injini, maana ni fupi na inaeleweka. Kwenye kamusi na vitabu vya ufundi iandikwe baiskeli yenye injini saidizi, na zile za umeme ziwe na mota saidizi, ili familia nzima ishike neno moja. Kipimo kiwe kitenzi: petroli ikiisha njiani na bado ukaweza kuinyonga hadi nyumbani, hiyo ni baiskeli. Ukimwambia mzee kwamba anaendesha pikipiki ndogo, umemwambia kuwa miguu yake imestaafu. Ukimwambia kwamba injini yake ni saidizi, umemwacha mahali anapostahili katika sentensi, mahali pa mtenda.