Baridi Yabisi

Baridi yabisi ni ugonjwa wa kudumu unaotokea pale kinga ya mwili inapogeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Shabaha yake kuu ni utando laini unaofunika viungo kwa ndani, hasa viungo vidogo vya mikono na miguu, ingawa macho, mapafu, moyo na damu navyo huweza kudhurika. Hauambukizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 18 duniani waliishi nao mwaka 2019. Takribani asilimia 70 yao ni wanawake, na zaidi ya nusu wamevuka umri wa miaka 55.

Mitaani jina hili hubebeshwa karibu kila maumivu ya viungo, yawe ya uzee au ya kazi nzito. Makala hii inahusu ugonjwa mmoja tu, ule ambao hospitalini huitwa rumatoidi athraitisi. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuondoa kabisa, lakini zipo dawa za kuutuliza, nazo hufaa zaidi zikianza ndani ya miezi michache ya kwanza. Kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa.

Chanzo na mwendo wa ugonjwa

Ncha za mifupa inayokutana kwenye kiungo zimevikwa gegedu, na kiungo chote kimefungwa ndani ya mfuko. Ukuta wa ndani wa mfuko huo una utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Katika baridi yabisi, seli nyeupe za damu huvamia utando huo na kumwaga kemikali za uvimbe, zikiwemo TNF na interlukini-6. Utando huvimba, hunenepa, kisha hutambaa juu ya gegedu kama magugu shambani, ukilila pamoja na mfupa ulio chini yake. Kano zinazokishika kiungo hulegea au kukatika, na kiungo hupinda.

Sababu hasa ya kinga kugeuka si moja. Kuna urithi: baadhi ya aina za jeni ya HLA-DRB1 huongeza uwezekano wa kuugua. Kuna uvutaji wa sigara, ambao huongeza hatari na pia huufanya ugonjwa uwe mkali zaidi. Ugonjwa wa fizi nao umehusishwa. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza kati ya umri wa miaka 30 na 60. Kingamwili za ugonjwa huweza kuonekana kwenye damu miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuuma. Baridi, mvua na maji ya kisima haviuanzishi, ingawa wagonjwa wengi husema hali ya hewa ikibadilika maumivu huzidi.

Dalili

Kwa kawaida ugonjwa huingia polepole, kwa wiki au miezi. Mgonjwa huamka vidole vikiwa vimekakamaa, hawezi kufunga kifungo wala kushika kikombe, na ukakamavu huo hudumu nusu saa, saa moja au zaidi kabla ya kulegea. Viungo vinavyovimba kwanza ni vya katikati ya vidole, vya mzizi wa vidole, vya kifundo cha mkono na vya mbele ya unyayo. Mara nyingi pande zote mbili za mwili huathirika, na viungo vya karibu na kucha husalimika.

Pamoja na maumivu huja uchovu usioisha kwa kulala, homa ndogo, kukosa hamu ya kula, kupungua uzito na upungufu wa damu. Baadhi huota vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa kwenye visugudi. Ugonjwa usipotibiwa, vidole huelemea upande wa kidole cha mwisho na kifundo cha mkono hukaza. Pingili za juu za shingo zinaweza kulegea na kuugandamiza uti wa mgongo, jambo ambalo daktari wa usingizi hana budi kulijua kabla ya upasuaji wowote. Macho hukauka au kuwa mekundu, mapafu huweza kupata makovu, na hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka.

Magonjwa yanayofanana nayo

Kusagika kwa gegedu, ambako huja na umri au uzito, hushika zaidi magoti, nyonga na ncha za vidole, na maumivu yake huzidi kadiri kiungo kinavyotumika. Jongo, ambalo hutokana na asidi ya yuriki, huvamia ghafla, mara nyingi usiku, kwenye kidole gumba cha mguu. Kifua kikuu cha kiungo kwa kawaida hushika kiungo kimoja. Homa ya rumatiki huwapata zaidi watoto baada ya maambukizi ya koo, na maumivu yake huhama kutoka kiungo hadi kiungo. Selimundu, lupasi na virusi vya ukimwi pia huleta maumivu ya viungo.

Afrika Mashariki ina mfano wake mwingine. Chikungunya, inayoenezwa na mbu, ilitambuliwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Mwaka 2004 iliikumba Lamu na kuambukiza sehemu kubwa ya wakazi. Homa huisha kwa siku chache, lakini baadhi ya wagonjwa hubaki na viungo vilivyovimba kwa miezi au miaka, kwa namna inayofanana sana na baridi yabisi. Kwa sababu hiyo daktari wa pwani humuuliza mgonjwa kama maumivu yalianza na homa kali.

Utambuzi

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Daktari huvishika viungo kimoja kimoja, huuliza maumivu yameanza lini, kisha huagiza vipimo vya damu. Kipimo cha RF hutafuta kingamwili iliyozoeleka katika ugonjwa huu, lakini huweza kuonyesha jibu chanya kwa mtu mwenye kifua kikuu, homa ya ini aina ya C, au hata mzee mwenye afya. Kipimo cha anti-CCP ni mahususi zaidi. ESR na CRP huonyesha ukubwa wa uvimbe mwilini. Baadhi ya wagonjwa hawana RF wala anti-CCP, hivyo jibu hasi haliufuti ugonjwa. Picha ya eksirei mara nyingi huwa safi mwanzoni, na madhara yakishaonekana humo, muda umekwisha kupotea. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2010 hujumlisha alama za viungo, vipimo vya damu na muda wa dalili, na anayefikisha 6 kati ya 10 huhesabiwa kuwa na ugonjwa.

Historia

Maelezo ya kwanza ya kitabibu yanayotambulika leo yalitolewa mwaka 1800 na Mfaransa Augustin Jacob Landré-Beauvais, aliyewachunguza wanawake tisa katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris. Mwaka 1859 Mwingereza Alfred Baring Garrod aliutenganisha na jongo na kuupa jina la kitabibu linalotumika hadi sasa.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa dhaifu. Mchoraji Pierre-Auguste Renoir aliugua kwa zaidi ya miaka ishirini hadi kifo chake mwaka 1919. Vidole vyake vilijikunja kabisa, akawa anatembezwa kwa kiti cha magurudumu, lakini aliendelea kuchora kwa brashi iliyowekwa mkononi na wasaidizi.

Mwaka 1948 Philip Hench, wa Mayo Clinic nchini Marekani, alimdunga mgonjwa kotisoni kwa mara ya kwanza, na mtu aliyekuwa hajiwezi akasimama ndani ya siku chache. Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Furaha ilipoa pale madhara ya matumizi ya muda mrefu yalipojitokeza. Mafanikio ya kudumu yalitoka kwenye methotreksati, dawa iliyoanzia katika tiba ya saratani na kuidhinishwa Marekani kwa baridi yabisi mwaka 1988. Mwaka 1992 Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza jijini London majaribio ya kuizuia TNF, na humo zikazaliwa dawa za kibayolojia.

Christiaan Barnard wa Cape Town, aliyepandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1967, alikuwa akiishi na ugonjwa huu tangu miaka ya 1950. Mikono yake ilimlazimisha kuacha upasuaji mwaka 1983.

Tiba

Lengo la tiba ni kuuzima uvimbe wenyewe. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni humpa mgonjwa nafuu, lakini haziuzuii utando kula mfupa, na zikitumika kwa muda mrefu huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Dawa ya msingi ni methotreksati. Humezwa au kudungwa mara moja kwa wiki, siku ileile, pamoja na vidonge vya asidi ya foliki katika siku ambazo daktari amepanga. Kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua, kwa hiyo siku ya dozi huandikwa waziwazi kwenye pakiti. Nguvu yake huonekana baada ya wiki 6 hadi 12, na damu hupimwa mara kwa mara ili kuangalia ini, figo na chembe za damu. Pombe huongeza hatari kwa ini. Dawa hii haifai kabisa katika ujauzito, na mwanamke huiacha miezi kadhaa kabla ya kushika mimba kwa mpango wa daktari. Haidroksiklorokwini, iliyotokana na dawa za malaria, na sulfasalazini huweza kutumika wakati wa ujauzito. Wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa hurudi miezi michache baada ya kujifungua.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya kotisoni, hutuliza haraka, na kwa hiyo hupendwa kupita kiasi. Hutolewa kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, wakati dawa za msingi zinasubiriwa kufanya kazi. Anayeinunua mwenyewe dukani miezi nenda rudi huvimba uso, hupandisha sukari na shinikizo, na mifupa yake huwa myepesi kuvunjika. Kuiacha ghafla nako ni hatari. Unga wa "dawa ya mifupa" usio na lebo, unaoondoa maumivu usiku mmoja, hutiliwa shaka kuwa umechanganywa na dawa ya jamii hiyohiyo.

Dawa za kibayolojia hutumika pale za kwanza zinaposhindwa. Kabla ya kuzianza, mgonjwa hupimwa kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini aina ya B, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuyaamsha magonjwa hayo. Anayezitumia hapewi chanjo zenye virusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano, jambo la kuzingatiwa na wasafiri wa ukanda huu. Viungo vilivyokwisha kuharibika, hasa nyonga na goti, huweza kubadilishwa kwa upasuaji.

Maisha ya kila siku

Kazi nyingi za nyumbani katika ukanda huu huelemea vidole: kukuna nazi kwenye mbuzi, kusonga ugali, kukamua nguo, kubeba dumu. Wataalamu wa utengamao humfundisha mgonjwa kuhamishia mzigo kwenye viungo vikubwa. Kikapu huning'inizwa kwenye mkono karibu na kisugudi au begani. Sufuria huinuliwa kwa viganja viwili. Dumu la lita 20 hubadilishwa kwa la lita 5. Mpini wa mwiko na wa kisu hunenepeshwa kwa kitambaa au mpira ili vidole visijikunje sana. Nguo nzito huning'inizwa zikichuruzika badala ya kukamuliwa. Penye choo cha kuchuchumaa, kiti kilichotobolewa katikati huokoa magoti.

Kazi hupangwa kwa kufuata mwili. Mkulima aliyekakamaa alfajiri huanza kwa kuchovya mikono kwenye maji ya uvuguvugu, kufumba na kufumbua ngumi taratibu, kisha hushika jembe viungo vikishalegea. Ugonjwa ukichachamaa, kiungo kilichovimba hupumzishwa kwa siku chache, lakini kulala kitandani kwa wiki nzima hukondesha misuli na kukaza viungo. Kutembea na mazoezi mepesi ya kila siku hupunguza maumivu na uchovu.

Hakuna chakula kinachoponya. Samaki wenye mafuta, kama vibua na dagaa, husaidia kiasi, na uzito ukipungua magoti hupumua. Kuacha sigara kuna faida kubwa zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani, dozi ya kila wiki humezwa usiku, na dawa za kila siku hupangwa kati ya futari na daku kwa ushauri wa daktari. Asiyeweza kusujudu huswali akiwa ameketi kwenye kiti, kwa kuwa sheria ya dini inamruhusu.

Ugumu mwingine hauonekani kwa macho. Mgonjwa asiyeweza kuamka mapema, kisha saa sita akaonekana anatembea, huitwa mvivu au mwenye kujidekeza. Wengine hudhani amerogwa, na fedha za kliniki zikaishia kwa mganga. Sonona ni ya kawaida kwa wagonjwa hawa na hustahili kutibiwa. Familia inayoelewa kwamba asubuhi na jioni za mtu mmoja hazifanani humgawia kazi kwa saa anazoziweza.

Hali katika Afrika

Kwa miongo kadhaa ugonjwa huu ulidhaniwa kuwa nadra barani. Tafiti zilizochapishwa mwaka 1975 Afrika Kusini zilionyesha kuwa ulikuwa wa kawaida zaidi Soweto kuliko vijijini miongoni mwa Watswana, tofauti iliyowafanya watafiti kuyatazama maisha ya mjini. Afrika Mashariki, mabingwa wa viungo ni wachache na wamejikusanya katika hospitali kubwa za mijini. Methotreksati imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na adalimumabu, mojawapo ya dawa za kibayolojia, iliongezwa mwaka 2019, lakini bei ya dawa za aina hiyo bado iko mbali na uwezo wa wengi.

Kwa hiyo mgonjwa wa kawaida huanzia duka la dawa au zahanati, na hapo ndipo miezi ya thamani hupotea. Ishara tatu za kumpeleka mbele hazihitaji maabara: viungo vitatu au zaidi vilivyovimba, maumivu mhudumu anapobana kwa pamoja mizizi ya vidole vya mkono au mguu, na ukakamavu wa asubuhi unaodumu nusu saa au zaidi. Mwenye hata moja ya hizo hupewa rufaa mapema, bila kusubiri vidole vipinde.