Kocha bora ni nani? Nakuru ina ushahidi wake

Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kupandisha bendera yake, ligi ya kitaifa ya kandanda ilichezwa kwa mara ya kwanza. Taji halikubaki Nairobi wala halikuteremka Mombasa. Lilitua Nakuru, mikononi mwa Nakuru All Stars, na mwaka 1969 vijana hao wakalitwaa tena.

Orodha ya mabingwa hutaja mwaka na klabu, basi. Kocha hana safu yake humo. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, ila hawakutuambia aliyemfundisha kucheza hutunzwa na nani. Ndiyo sababu tuzo ya kocha bora wa mwaka huzua ubishi kuliko kombe lenyewe. Kombe lina pointi zake, ukizijumlisha umemaliza. Kazi ya kocha utaijumlisha vipi?

Katika riadha, mchezo uliolipa Bonde la Ufa jina duniani, swali hili si gumu hivyo. Brother Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka 1976 kuja kufundisha shule ya St Patrick's, Iten, akaishia kuwanoa mabingwa, David Rudisha akiwemo. Shirikisho la Riadha Duniani lilipomtuza mwaka 2019, wachache walipinga. Saa haina ushabiki. Kwenye kandanda, kocha ana wachezaji kumi na mmoja uwanjani, refa, majeruhi, mwenyekiti wa klabu na mshahara ambao huenda haujaingia. Yote hayo yakienda kombo, lawama ni zake. Yakienda sawa, sifa ni za mfungaji.

Wabishi wa soka wamegawanyika kambi mbili. Ya kwanza husema bingwa ni bingwa. Mfano wao ni Robert Matano, aliyeipa Sofapaka taji mwaka 2009 ikiwa ndio kwanza imepanda ligi kuu, kisha akatwaa mengine matatu na Tusker: 2012, 2020/21 na 2021/22. Mtu akishinda mara nne, kwa klabu mbili tofauti, utamwambia ni bahati?

Kambi ya pili huuliza: alipewa nini, akafika wapi? Uingereza imekuwa ikijibu swali hili kwa ujasiri. Mwaka 2001 Manchester United walikuwa mabingwa, lakini tuzo ya kocha bora wa ligi ilimwendea George Burley wa Ipswich, waliomaliza wa tano baada ya kupanda daraja. Mwaka 2014 Manchester City walibeba kombe, ila aliyetuzwa ni Tony Pulis, kwa kuikuta Crystal Palace ikizama na kuifikisha nafasi ya 11.

Msimu wa 2015 ulizileta kambi hizo mbili uso kwa uso hapa Kenya. Gor Mahia ya Mskoti Frank Nuttall ilimaliza ligi bila kupoteza hata mechi moja. Kwa kambi ya kwanza mjadala uliishia hapo. Lakini Nuttall alikuwa na washambuliaji Michael Olunga na Meddie Kagere kikosini. Msimu huohuo Nakuru All Stars, mabingwa wale wa 1963, walikuwa wamerejea ligi kuu baada ya miaka mingi ya kusahaulika, wakashushwa ngazi papo hapo. Jina kubwa halikuwafaa, wala historia haikuwafungia bao. Anayeibakiza timu ya namna hiyo ligini kwa pointi moja hufanya kazi nzito, lakini hakuna kombe linalochongwa kwa ajili ya nafasi ya 14.

Kabla ya hapo Nakuru ilikuwa imeonja raha. Oserian, timu ya shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, ilishinda ligi mwaka 2001 na 2002. Ikafuata Ulinzi Stars, timu ya jeshi ambayo uwanja wa Afraha, Nakuru, ungekuja kuwa nyumbani kwake, na kubeba mataji matatu mfululizo, 2003 hadi 2005.

Hapo kambi ya pili hukohoa. Miaka ile kandanda ya Kenya ilikuwa imevurugika. Viongozi walizozana, klabu zikavutana na shirikisho, na Juni 2004 FIFA ikaipiga nchi marufuku kwa muda. Wakati wachezaji wa klabu nyingine wakisubiri marupurupu, mwanajeshi alilipwa kama askari yeyote. Kumfundisha mchezaji ambaye kodi yake ya nyumba imeshalipwa ni nusu ya kazi, watasema.

Ni kweli, lakini sarafu hiyo ina upande wa pili. Mchezaji wa Ulinzi kwanza ni askari. Kocha wake hawezi kwenda Kampala au Bujumbura kununua mshambuliaji katikati ya msimu. Anasubiri jeshi liajiri vijana, wapitie mafunzo ya kijeshi, ndipo awapate. Akikosa beki wa kushoto, atamtengeneza kutoka kwa aliopewa. Wenzake hujenga timu kwa pesa, yeye huijenga kwa subira.

Kwa hiyo mwaka 2010 unastahili kukumbukwa. Ligi ilikuwa imetulia chini ya kampuni iliyomilikiwa na klabu zenyewe, na kisingizio cha vurugu hakikuwepo tena. Sofapaka ilikuwa bingwa mtetezi, Gor ilikuwa na umati, Tusker ilikuwa na kiwanda cha bia nyuma yake. Benjamin Nyangweso akawachukua wanajeshi wake na kuleta taji la nne Afraha.

Hilo ndilo jibu la Nakuru kwa wabishi. Kambi ya kwanza ikitaka kombe, Nyangweso analo. Kambi ya pili ikiuliza alipewa nini, alipewa askari, na hakuruhusiwa kununua mwingine. Ni nadra kocha mmoja kuzinyamazisha kambi zote mbili kwa msimu mmoja. Kwenye orodha ya mabingwa, hata hivyo, mstari wa 2010 una neno moja tu: Ulinzi.