Picha Zinazokwenda

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara. Wakati huo filamu ya Bernhard na Michael Grzimek juu ya Serengeti ilikwisha kupata tuzo ya Oscar, mwaka 1960. Mwaka 1985 ikatoka Amiga huko Marekani, kompyuta ya nyumbani iliyoweza kuonyesha rangi 4,096. Programu yake ilipitisha haraka michoro iliyotofautiana kidogo kidogo. Jicho likaiunganisha, na mnyama akakimbia kiooni. Sisi wa Tarime na Mugumu tulimjua nyumbu mwenyewe, lakini televisheni ya Bara ilianza 1994. Nchi maskini hupanga matumizi yake, sikatai. Hata hivyo, kazi ya kuuonyesha ulimwengu kwetu tuliwaachia wengine.