Makarani wa Stanleyville

Mwanzoni mwa Agosti 1964, waasi wa Simba nchini Kongo waliingia Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, na jeshi la serikali, lililokuwa na silaha bora kuliko zao, likakimbia. Wengi wa waasi walikuwa vijana wenye mikuki na mapanga, wakiamini kwamba dawa ya waganga ingegeuza risasi kuwa maji. Kuuteka mji kulikuwa rahisi. Kuushika ndiko kulikowashinda, tena mapema, kabla ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kushuka alfajiri ya 24 Novemba. Mji huendeshwa na wanaojua kuandika hati, kulipa mishahara na kupanga chakula, na watu hao ndio waliosakwa kwanza. Watumishi wa serikali, wanasiasa na wasomi walikamatwa, na wengi wakauawa hadharani mbele ya mnara wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye Simba walijiita wafuasi wake. Lumumba mwenyewe alikuwa karani wa posta katika mji huohuo. Watu wa tabaka lake waliuawa kwa jina lake.

Atakayewatetea Simba atasema kwamba hasira yao ilikuwa na sababu, na ni kweli. Baada ya uhuru wa 1960 wakubwa wa serikali walinenepa huku wakulima wakizidi kudidimia, ndipo watu wakadai uhuru wa pili. Lakini mwizi wa mali ya umma anajulikana kwa alichoiba, na anaweza kuhukumiwa kwa hicho. Kumtambua adui kwa kusoma kwake au kwa chama chake hakuhitaji ushahidi wowote, na mamlaka ya namna hiyo haiwezi kumwambia raia afanye nini ili awe salama. Jamhuri ya Watu iliyotangazwa na waasi Septemba chini ya Christophe Gbenye ilikuwa na mawaziri na redio. Wa kumlinda karani ofisini hakuwepo.

Dunia ya nje iliwakumbuka zaidi mateka wa kigeni walioshikwa na Simba mjini, wapatao 1,600. Mateso yao hayapingiki, ila Wakongo waliouawa mashariki mwa nchi walikuwa maelfu, na mauaji hayakukoma mji ulipokombolewa. Jeshi la serikali na mamluki waliofuata waliua kwa kisasi waliodhaniwa kuwa Simba, nao pia bila kusubiri ushahidi.