Braamfontein: Haki ya kuishi, imani ya dini na ombi la kufa

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipofuta adhabu ya kifo mwaka 1995, ilitamka kwamba dola haina mamlaka ya kumtoa mtu uhai. Miaka 20 baadaye swali lilirudi kwa sura nyingine: je, mgonjwa asiye na tumaini la kupona anaweza kuomba asaidiwe kufa, na imani za dini zina nafasi gani katika kumjibu?

Tarehe 14 Februari mwaka 1995 Rais Nelson Mandela alifika Braamfontein, kitongoji kilicho kaskazini kidogo ya katikati ya jiji la Johannesburg, kuifungua mahakama mpya ambayo wakati huo haikuwa hata na jengo lake. Siku iliyofuata majaji 11, wakiongozwa na Arthur Chaskalson, walianza kusikiliza shauri lao la kwanza. Lilihusu watu wawili, Makwanyane na Mchunu, waliohukumiwa kunyongwa kwa makosa ya mauaji. Hukumu ilisomwa tarehe 6 Juni, na majaji wote walikuwa na kauli moja: adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha katiba.

Katiba ya mpito ilikuwa imetamka kwa ufupi kwamba kila mtu ana haki ya uhai, bila kuongeza sharti lolote. Majaji kadhaa waliutegemea ubuntu, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa, kwani ni utu ule ule. Jaji Kate O'Regan alikwenda mbali zaidi. Aliandika kwamba katiba hailindi pumzi peke yake. Inalinda maisha ya kibinadamu, yenye heshima. Hoja hiyo ilimwokoa mfungwa asiende kitanzini. Wachache walitambua siku ile kwamba ingeweza pia kushikwa na mgonjwa anayeona kuwa heshima hiyo imemtoka.

Katiba ya kudumu ya mwaka 1996 iliirudia haki ya uhai katika kifungu cha 11, na katika kifungu cha 15 ikalinda uhuru wa dhamiri, dini na imani. Haukupita muda waumini wakaanza kubisha hodi Braamfontein. Mwaka 2000 shule za Kikristo ziliomba ruhusa ya kuendelea kuwachapa wanafunzi viboko, zikidai kuwa Biblia inaagiza hivyo. Zilikataliwa. Mwaka 2002 Gareth Prince, Mrastafari aliyetaka kuwa wakili, alishindwa kwa majaji 5 dhidi ya 4 alipotaka Marastafari waruhusiwe kutumia bangi katika ibada. Hata hivyo, mwaka 2007 msichana wa Durban alishinda katika shauri la kipini cha puani alichokivaa shuleni kwa mila ya jamii yake ya Kihindu.

Aliyeandika hukumu ya viboko ni Albie Sachs, jaji aliyepoteza mkono wa kulia kwa bomu alilotegewa na maafisa wa utawala wa ubaguzi mjini Maputo mwaka 1988. Alieleza kuwa mwumini hawezi kujitoa chini ya sheria za nchi kwa sababu tu dini yake inasema vingine. Lakini serikali nayo ijitahidi kutomlazimisha kuchagua kati ya Mungu wake na sheria. Mwaka 2005, katika shauri la ndoa za watu wa jinsia moja, Sachs aliongeza kuwa imani ya baadhi ya watu haiwezi kuwa kipimo cha haki za wengine.

Linapofika suala la kifo, uzito unaongezeka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama Kuu ya Johannesburg, iliyo mwendo mfupi kutoka Braamfontein, iliruhusu mtoto mchanga aongezewe damu ingawa wazazi wake walikataa kwa sababu za imani na hofu ya maambukizi. Uhai wa mtoto uliwekwa mbele, kwa kuwa yeye hakuwa amechagua dini yoyote. Afrika Mashariki ililiona jambo hilo kwa uchungu huko Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto, baada ya wafuasi wa mhubiri kuaminishwa kuwa kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu.

Mtu mzima mwenye akili timamu hali yake ni tofauti. Sheria ya Afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inamruhusu kukataa matibabu. Shahidi wa Yehova anayekataa damu analindwa hata kama atakufa. Tangu mwaka 1992 mahakama ya Durban ilikwisha kumruhusu mke wa daktari mmoja, aliyekuwa amepoteza fahamu kwa miaka kadhaa, aamuru kusitishwa kwa mrija wa chakula.

Mwaka 2015 akajitokeza Robert Stransham-Ford, wakili wa umri wa miaka 65 aliyekuwa akifa kwa saratani ya tezi dume. Hakutaka kukataa dawa. Alitaka daktari amsaidie kufa bila yeye kushtakiwa. Mawaziri wa sheria na afya walimpinga, pamoja na Doctors for Life, shirika la madaktari wenye msimamo wa Kikristo. Tarehe 30 Aprili Jaji Hans Fabricius wa Mahakama Kuu ya Pretoria alimkubalia, akisema linalopasa kutukuzwa ni ubora wa maisha kuliko uhai kwa wenyewe. Aliweka pia sharti lililowalinda waumini: hakuna daktari atakayelazimishwa kulitekeleza ombi hilo.

Stransham-Ford hakuisikia hukumu yake. Alikuwa amefariki saa chache kabla, asubuhi ile ile, na jaji hakuwa na habari. Tarehe 6 Desemba mwaka 2016 majaji watano wa Mahakama Kuu ya Rufaa, Bloemfontein, waliifuta hukumu hiyo. Jaji Malcolm Wallis aliandika kwamba dai lilikoma pale mdai alipokata roho, na kwamba suala zito kama hilo linalifaa zaidi Bunge.

Bunge, kwa kweli, lilikuwa na ripoti mkononi tangu miaka ya 1990. Tume ya Sheria iliikamilisha mwaka 1998, ikiwa na rasimu ya muswada, na haikufanyiwa kazi.

Viongozi wa dini wenyewe hawakuwa na sauti moja. Maaskofu wa Katoliki walishikilia kuwa uhai ni wa Mungu. Askofu Mkuu mstaafu wa Anglikana, Desmond Tutu, aliandika mwaka 2014 kwamba anaunga mkono haki ya mgonjwa kusaidiwa kufa, na mwaka 2016, alipotimiza miaka 85, akasema angependa yeye mwenyewe awe na hiari hiyo. Kanisa lake halikumfuata. Tutu alifariki Desemba 2021, akiwa na miaka 90.

Mwaka huo huo wagonjwa wawili, mmoja wao akiwa daktari, walitoa ushahidi mbele ya Mahakama Kuu ya Johannesburg wakiomba lile alilolikosa Stransham-Ford. Mahakama ya Katiba, ambayo tangu mwaka 2004 iko kilimani Braamfontein penye gereza la zamani walimofungwa Gandhi na Mandela, haijawahi kulitolea swali hilo uamuzi. Daktari anayezima mashine kwa ombi la mgonjwa hana kosa. Anayemchoma sindano ya kumuua, hata kwa ombi lile lile, anaweza kushtakiwa kwa mauaji.