Kutoka Silinda za Nta hadi Priampu ya Fono: Historia ya Kusikiliza Sauti Zilizohifadhiwa katika Pwani ya Mtwara

Historia ya sauti zilizohifadhiwa katika eneo linaloanzia pwani ya Lindi na Mikindani hadi uwanda wa juu wa Makonde, unaoelekea bonde la Ruvuma, ina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa ethnografia kutoka Leipzig, alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu, yaani mashine iliyochimba mitetemo ya sauti juu ya silinda ya nta, na kwa mashine hiyo alirekodi nyimbo za wenyeji wa kusini. Fonografu haikuhitaji umeme, kwa kuwa sauti ya mwimbaji iliingia kwenye pembe, ikatikisa kiwambo kilichoshika sindano, na wakati wa kusikiliza sindano iliyopita katika mfereji uleule ilikirudisha kiwambo katika mtikisiko wake wa awali. Kasoro zake zilikuwa bayana: nta hulainika kwa joto, na kila mara silinda inapochezwa mfereji wake hulika.

Mwaka 1925 kampuni kubwa za santuri zilianza kurekodi kwa maikrofoni na umeme, na miaka mitatu baadaye mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. Nyimbo hizo zilitolewa katika sahani ngumu za utomvu wa wadudu wa laki, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, na ndizo zilizoipa taarabu ya Kiswahili masikio mapya katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani ya sahani za zama hizo kulikuwa na siri ya ufundi ambayo msikilizaji wa kawaida hakuiona: sauti nzito hutikisa sindano ya kukatia kwa upana mkubwa kiasi cha kuweza kuvunja ukuta wa mfereji wa jirani, hivyo mafundi waliipunguza besi makusudi, lakini kila kampuni ilifanya hivyo kwa kipimo chake.

Vurugu hiyo ya vipimo ilikoma katika miaka ambayo mji wa Mtwara wenyewe ulikuwa unajengwa. Bandari yake ya kina kirefu, iliyotokana na mpango wa kilimo cha karanga wa Waingereza huko Nachingwea, ilijengwa kati ya 1948 na 1954. Mwaka 1948 ndipo santuri ya plastiki ya vinili yenye mizunguko 33⅓ kwa dakika ilipotokea Marekani, na mwaka 1954 ndipo chama cha kampuni za santuri cha nchi hiyo, RIAA, kilipoweka kanuni moja ya ukataji iliyokuja kufuatwa duniani kote. Kwa kanuni hiyo besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa wakati wa kukata, ili hizo nyembamba zisimezwe na mkwaruzo wa sahani.

Kazi ya kuirudisha sauti katika uwiano wake ni ya priampu ya fono, kikuza sauti cha awali kinachokaa kati ya kinanda cha santuri na amplifaya. Katriji, yaani kichwa kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, ikiwa ni ya aina ambayo sumaku ndiyo inayotikisika hutoa umeme wa milivolti 3 hadi 5 tu, ambao priampu huuongeza kama mara 100, ilhali katriji ambayo koili ndiyo inayotikisika hutoa umeme mdogo zaidi na huhitaji nyongeza inayokaribia mara 1,000. Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mtumiaji ni kuweka swichi kulingana na aina ya katriji. Sambamba na ukuzaji huo, priampu huinua sauti ya hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) karibu mara 9 ikilinganishwa na ya hezi 1,000, na kuipunguza ya hezi 20,000 kwa kiasi kinachokaribia hicho. Umeme wa Tanzania hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, na katika kiwango hicho priampu huongeza karibu mara 7, ndiyo maana waya wa ardhi wa kinanda usipofungwa kwenye skrubu ya priampu mngurumo mzito hujaa kwenye spika kabla hata sindano haijagusa sahani.

Vinanda vingi vidogo vya betri havikuhitaji kifaa hiki, kwa sababu katriji zao za kristali zilitoa umeme wa kutosha na kukaribia uwiano unaotakiwa zenyewe. Urahisi huo ulifaa mahali pasipofika umeme, lakini sindano nzito za vinanda hivyo zilizila sahani. Sahani mpya nazo ziliadimika. Bendi za Tanzania zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda, huku santuri zao zikichapishwa Kenya, na mpaka ulipofungwa mwaka 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo iliziba, kisha kaseti ikatawala.

Santuri zilizosalia sasa zinapohamishiwa kwenye kompyuta, historia hii inageuka kuwa wajibu. Sahani ya Siti ya 1928 ikichezwa kwa kanuni ya 1954 besi huvimba na sauti ya mwimbaji hufifia, kwa kuwa kifaa hupunguza wembamba ambao fundi wa Bombay hakuuongeza. Na sindano ya vinili, yenye ncha ya takriban maikroni 25, huzama chini kabisa ya mfereji uliokusudiwa ncha inayokaribia maikroni 75. Hifadhi ya kusini inayostahili jina hilo itunze kwanza nakala ya sauti kabla ya kusawazishwa, iandike ncha, kasi na kanuni vilivyotumika, kisha itoe nakala ya kusikilizwa iliyorekebishwa kwa kipimo cha zama za sahani yenyewe, kwani bila taarifa hizo vizazi vijavyo vitarithi makosa ya mashine vikidhani ni sauti za wahenga wao.